Vyungu Vinavyotoka Jasho

Mume wangu aliponiambia amechaguliwa kusomea waya, nilicheka mpaka nikauweka mchi chini. Nilijua ananitania. Yeye Myao, mimi Mmakonde wa Newala, siku isiyo na utani nyumbani kwetu tulikuwa tunadhani mmoja anaumwa. Na waya wenyewe ulikuwa umefika Masasi juzijuzi tu kutoka Lindi, umening'inia kwenye nguzo, sisi wanawake tukipita chini yake tunainamisha vichwa ingawa uko juu kuliko paa la msikiti.

"Waya unasomwa?" nikamuuliza. "Una herufi?"

"Si waya. Kinasomwa kile kinachopita ndani yake."

"Ndani ya waya? Mbona hauna tundu."

"Hilo ndilo tunalokwenda kuuliza," akasema, akachukua kipande cha muhogo sufuriani akaondoka anatafuna.

Tulikaa Mkomaindo, nyumba moja na mama yake. Enzi za Mdachi hizo. Vita ya Maji Maji ilikuwa imepita miaka michache, watu wamesharudi kutoka porini, wamejenga, wamelima, lakini ukimtajia mtu neno maji kwa sauti nzito bado anageuka kuangalia nani yuko nyuma yake. Mimi niliolewa baada ya vita. Miezi minne ya ndoa, akida akaja na orodha yake, mume wangu akapelekwa upagazi wa Songea. Miezi saba sikumwona. Aliporudi alikuwa amekonda, mabega yana sugu kama nyayo. Alikutana na mama yake njiani akamwamkia, "Shikamoo," na mama yake akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama anavyomwitikia mpita njia yeyote, akapita zake na kuni zake kichwani. Mama alikuja kulia baadaye, jikoni, alipoambiwa yule alikuwa nani.

Kwa hiyo habari ya waya haikuwa ndogo. Fundi wa simu, Mdachi mmoja mwenye ndevu nyekundu, alitaka vijana wanne wanaojua kusoma na kuhesabu. Atawafundisha miezi mitano, halafu mkubwa wake atakuja kutoka Lindi kuwapima. Atakayefaulu atakuwa mtu wa simu, atakaa hapahapa Masasi. Atakayeshindwa anarudi kwenye kundi la wapagazi, na kundi lilikuwa linajiandaa kwenda Songea tena. Na mimi nilikuwa nimeanza kutapika asubuhi. Sikuwa nimemwambia mtu, ila mama mkwe alijua kabla yangu.

Basi akaanza masomo. Mimi shule yangu ilikuwa miezi minne kwa wamisheni kule Newala. Nikajua herufi, nikajua kuandika jina langu, shangazi akaja kunitoa niende unyagoni, ikaishia hapo. Lakini masomo ya waya niliyasoma yote, maana mume wangu alikuwa mtu wa kukariri kwa sauti. Akirudi jua halijazama, anachora uani kwa kijiti na kunisomea, mimi nachambua kisamvu. Kuku wanapita juu ya mchoro, anawafukuza, anachora upya.

Mchoro wa kwanza ulikuwa duara.

"Hiki hapa chungu cha dawa. Ndicho chenye nguvu. Nguvu inatokea huku, inapita kwenye waya, inafika kwenye kengele, inarudi chunguni kwa huku nyuma. Ukiukata waya popote, nguvu haitoki."

"Hata pale mwanzoni haitoki?"

"Hata pale. Kama hakuna njia ya kurudi, haiendi."

"Basi ina akili kuliko akida," nikasema, na mama mkwe jikoni akakohoa ili tusisikie anacheka.

Yakaja na mengine. Waya mwembamba unabana, waya mnene unaachia. Waya mrefu unabana kuliko mfupi. Hayo niliyapokea bila taabu, nani asiyejua kupita njia nyembamba na mtungi kichwani? Lililomshinda mume wangu lilikuwa la sindano. Mdachi alikuwa na kisanduku chenye sindano ndani. Nguvu ikipita nyingi sindano inainama sana, ikipita kidogo inainama kidogo. Hilo sawa. Halafu akawachorea njia mbili zinazotoka chungu kimoja na kukutana mbele, na katikati yake akaweka kijia cha kukatisha, na sindano akaiweka kwenye kijia hicho. Akawaambia, mkizipanga vizuri njia zenu, sindano italala kabisa, na hapo mtajua waya msioujua unabana kiasi gani. Mume wangu akarudi nyumbani amenuna.

"Nguvu ipo, waya upo, sindano ipo, halafu haisogei. Eti huo ndio ujuzi. Kutosogea ni ujuzi gani?"

Nikauangalia ule mchoro. Nikaweka kisamvu chini.

"Mbona hii ni njia ya maji ya kwetu."

"Umeanza."

"Nisikilize. Newala tuko juu, maji yako chini bondeni, unatoka alfajiri unarudi jua kali. Kuna njia ya mawe na kuna njia ya kichaka. Zote zinaanza juu, zote zinafika kisimani. Katikati kuna kijia cha kukatisha. Njia ya mawe ikikushinda unakatisha unakwenda ya kichaka, ya kichaka ikikushinda unakatisha unakwenda ya mawe. Lakini kuna miaka njia zote mbili ugumu wake unalingana, juu umelingana na chini umelingana. Miaka hiyo hakuna anayekatisha. Utakatisha ukatafute nini? Kile kijia kinaota majani."

Akaufuata mchoro kwa kijiti.

"Kwa hiyo majani yakiota katikati," akasema polepole, "njia zimelingana."

"Na kama unaujua ugumu wa ile ya mawe, umeujua na wa kichaka. Bila kuupita."

"Nyie Wamakonde. Kumbe huko juu mnasoma."

"Tunateka maji. Nyie mmekaa bondeni maji yanawafuata, ndiyo maana akili haitembei."

Kesho yake alimweleza fundi, na fundi akacheka mpaka ndevu zikatikisika, akaandika kitabuni kwake. Tangu siku hiyo wale vijana wanne mpango ule wa njia mbili wakauita Newala. Wakitaka kupima waya wanasema, tuuweke kwenye Newala. Mimi nikisikia nanenepa.

Sasa niwaambie habari ya vyungu vya dawa, maana ndivyo vilivyotutia mashakani. Chungu chenyewe ni viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha nje kina shaba na maji ya mrututu, buluu kama kitambaa kipya. Cha ndani ni chembamba, cheupe, kina fimbo ya zinki na maji ya chumvi. Unavifunga kwa waya vinakuwa kama ng'ombe wa kukokota, kimoja nyuma ya kingine, vikizidi na nguvu inazidi. Vile vyeupe vya ndani vilikuwa vinatoka Ulaya. Wiki tatu kabla ya mtihani, vile vya kufanyia mtihani vililetwa kutoka Lindi, mpagazi akateleza akivuka Lukuledi karibu na Ndanda, sanduku likaangukia mawe. Vilifika Masasi vigae vitupu. Kuagiza vingine ni miezi, na mkubwa wa Lindi hangoji miezi. Pasipo vyungu hakuna mtihani, pasipo mtihani wote wanne ni wapagazi.

Mume wangu akanyoosha mkono darasani. "Mke wangu anafinyanga."

Akaja nyumbani na kigae kimoja cha Ulaya amekifunga kwenye ncha ya shuka, nione umbo. Mama mkwe akakishika kwa vidole viwili kama kumbikumbi.

"Chungu ndani ya chungu, maji ya buluu, halafu nguvu inatoka," akasema. "Sisi maji ya namna hiyo tumeshayaona. Tulizika watu."

"Haya hayanywewi mama, wala hayapakwi. Yanapiga kengele tu."

"Na yale tuliambiwa yanafanya kitu kimoja tu."

Lakini kesho yake asubuhi alitangulia mbele yangu na jembe kwenda Lisekese kuchimba udongo mzuri.

Nilifinyanga kumi. Sijawahi kufinyanga vitu vidogo namna ile kwa moyo mkubwa namna ile. Nikavipiga mistari ya ukucha shingoni, nikavikausha kivulini, nikavichoma kwa magome makavu. Na kila kimoja nikakitoa motoni kingali chekundu, nikakirushia maji ya magome yaliyochemshwa, kikalia chwaa, kikang'aa. Hayo ndiyo mafunzo ya mama yangu. Maji ya magome yanaziba vitundu vyote. Fikiria umebeba maji kutoka bondeni mpaka juu Newala, nusu siku, halafu unafika nyumbani mtungi una nusu. Kwetu chungu kinachovuja unakipa kuku alalie mayai, na aliyekifinyanga anasemwa mpaka anahama.

Mume wangu akaondoka na vyungu vyake kumi anatembea kama amebeba mayai. Saa tano alikuwa amesharudi, uso umeshuka.

"Hakuna kinachopita."

"Hakuna kabisa?"

"Sindano imelala. Tumebadilisha waya, tumebadilisha zinki, tumesugua shaba. Wenzangu wanasema umetufinyangia makaburi. Mwisho nikakiweka chungu chako kimoja kwenye Newala, upande wa pili nikaweka nyuzi za kubana. Nikaongeza, nikaongeza, zikaisha zote. Chungu chako kinabana kuliko waya wote wa kutoka hapa mpaka Lindi."

"Usinisingizie. Vyungu vyangu ni vizima. Hakuna hata kimoja kitakachovuja, nimevifunga vyote kwa magome."

"Umevifunga."

"Vizuri sana."

Akakaa juu ya kinu. Akafungua ncha ya shuka, akatoa kile kigae cha Ulaya, akakiangalia, akakilamba. Nikasema moyoni, masomo yameshamharibu. Akanipa. "Lamba." Nikalamba, kikang'ang'ania ulimi kama kinanyonya. Akanipa chungu changu. Nikalamba, ulimi ukateleza.

"Hiki hakijafungwa," nikasema. "Hiki cha Ulaya kinavuja."

"Hakivuji. Kinatoka jasho. Nguvu inapita kwenye jasho."

"Wazungu wanapakia merikebuni vyungu visivyofungwa, wanavileta mpaka hapa?"

"Na wanavifungia kwenye sanduku la majani wasivunjike."

Nikacheka mimi, akacheka yeye, mama mkwe hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo mkwe wangu atafinyanga vyungu vibovu," akasema. "Kwa makusudi. Uani kwangu."

Mnadhani kufinyanga kibovu ni rahisi? Ni kazi ngumu kuliko zote, mkono unakataa. Vya kwanza nilichanganya pumba nyingi kwenye udongo, vikatoka vibovu kupita kiasi, mrututu ukaingia ndani mara moja, zinki ikageuka nyeusi, fundi akavirudisha. Vya pili nikapunguza pumba, havikutoka jasho hata kidogo. Ikabidi nitafute katikati yake. Nikajitungia kipimo: najaza chungu maji, nakiweka juu ya jani la mgomba, nasonga ugali. Ugali ukiiva, chungu kiwe kimelowa nje kama paji la mtu anayelima. Lakini tukimaliza kula na kuosha vyombo, jani liwe kavu bado. Kikidondosha hata tone, nakivunja. Nilivunja vingi. Tulikula ugali mwingi pia.

Siku mbili kabla ya mtihani nikapata kumi. Nikavipanga uani vimejaa maji, vyote vinatoka jasho, mimi nimefurahi kama nimezaa mapacha. Jirani yetu, mama mmoja wa Kimakua mwenye mdomo, akaja kuomba moto.

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"He, na hivi vinavyolia ni vya nani?"

"Vya mkwe wangu," akajibu mama mkwe, shingo imesimama.

"Mimba hiyo. Mimi ya kwanza ililegeza mikono hivyohivyo, hata ugali ulikuwa unanishinda."

"Ni kazi ya boma."

"Ndiyo mama. Boma nalo siku hizi linavumilia mengi," akasema yule, akachukua moto wake akaenda. Kabla hajafika kwake Mkomaindo nzima ilijua. Mama mkwe akaingia ndani, hakula mchana ule.

Siku ya mtihani tulivibeba vyungu mimi na mama mkwe, tukavifikisha nyumba ya simu karibu na boma. Askari akatuambia tukae barazani, tusiongee. Dirisha lilikuwa wazi, nikaona yote. Mkubwa wa Lindi alikuwa mwembamba, ana saa ya kifuniko mkononi, anaiangalia kama ameiazima. Fundi wetu amesimama pembeni anajivuta ndevu. Wa kwanza kuitwa ni mume wangu, maana vyungu vimetoka nyumbani kwake.

Swali lenyewe nililielewa kabla halijamalizika kutafsiriwa. Liliwekwa bunda kubwa la waya mwembamba, ndiyo Lindi hiyo, umbali wote umeviringishwa pale. Mwisho wake kuna kengele. Apange mwenyewe namna ya kuipiga, na saa inatembea. Jibu tulikuwa tumeshalisemea uani. Nguvu ikipita umbali ule inafika imechoka, haiwezi kengele. Basi usiipe kengele. Ipe kazi ndogo, ivute kiulimi cha chuma tu, na kile kiulimi kikivutika kinafunga duara la pili lenye vyungu vyake vipya, palepale karibu na kengele. Ni kama bibi aliyeishiwa sauti. Hawezi kuita watu shambani, lakini akimgusa mjukuu aliyekaa karibu naye, mjukuu ataita.

Mume wangu akavifunga vyungu vyote kumi kwanza, kimoja nyuma ya kingine, aone nguvu iko vipi. Sindano ikalala.

Yeye akachukua kipande cha waya, akawa anaruka chungu kimoja kimoja. Anakiruka cha kwanza, anaangalia sindano, hapana. Cha pili, hapana. Nikamwelewa. Kama mmoja njiani ameziba, ukimruka wengine watapita. Akafika cha kumi. Hapana. Mkubwa wa Lindi akaangalia saa.

Mama mkwe akanisogelea. Mdomo wake ulikuwa sikioni kwangu.

"Ni viwili," akasema.

"Viwili vipi?"

"Vilikuwa vinalia kuliko wenzake. Jana ulipojilaza mchana nikavitoa maji, nikavipasha moto, nikavipa magome. Kidogo tu. Mzungu atoke Lindi kote kule, aje akute nyumba yangu inavuja?"

Nikamwangalia. Alikuwa analia bila sauti, kilemba amekibana mdomoni. Nikamshika mkono, nifanye nini, na askari yule pale? Viwili vimeziba. Ukiruka kimoja, cha pili bado kimekaa njiani. Ataruka mpaka Songea. Nilitaka kupiga kelele dirishani. Nilichofanya nilimkodolea mgongo mume wangu, kana kwamba mgongo una masikio.

Akasimama. Akajikuna sugu la begani. Halafu akafungua kila kitu, akavitenga vyungu vyote kumi mbali na waya. Fundi Mdachi akaacha ndevu. Mume wangu akaanza upya na kimoja, peke yake, sindano ikainama. Akaongeza cha pili, ikainama zaidi. Cha tatu, zaidi. Cha nne, ikalala. Akakitoa, akakiweka chini taratibu, akaendelea na cha tano, sindano ikainama tena. Nikaanza kupumua. Cha sita, cha saba, cha nane. Cha tisa, ikalala tena. Akakitoa nacho. Akabaki na vinane.

Akavihesabu kwa kidole, akafikiri kidogo. Vitatu akavipa safari ya Lindi. Vitano akavipeleka kwenye kengele. Akabonyeza.

Kengele ile kelele yake ilikuwa mbaya sana, kama mbuzi amebanwa mlango. Askari akaruka. Mkubwa wa Lindi akafunga saa, akainama akaviangalia vile viwili vilivyotolewa, akavipangusa kwa kidole, akauliza jambo kwa Kijerumani. Mume wangu akajibu kwa Kiswahili, nikamsikia vizuri: "Hivi ni vizima, bwana. Ndiyo maana havifai."

Alipotoka barazani mama yake alimkamata mikono yote miwili akamweleza kila kitu, kwa kuunganisha, bila kupumua. Mume wangu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "yule mkubwa amesema hajawahi kuona mtu anatafuta kosa vizuri namna ile. Bila kosa lako angeona nini?"

"Usinibembeleze," akasema mama mkwe, lakini aliachia kilemba.

Wenzake watatu walipimwa kwa vyungu vyangu vinane. Wawili wakafaulu kama yeye. Wa nne hakufaulu, ila fundi alimwombea akapewa kazi ya kuangalia nguzo, kwa hiyo naye Songea hakuiona.

Jioni ile nilipokwenda chini ya kitanda kutoa kikapu changu, mama mkwe akaniona, akauliza nimeficha nini. Nikafungua. Ulikuwa unga wa safari. Kwa wiki tatu nilikuwa nautwanga yeye akienda shamba, na makopa makavu, na chumvi nimeifunga kwenye jani, kila kitu cha mtu anayekwenda miezi saba. Mama mkwe akakikagua kikapu kwa mkono mpaka chini. Halafu akaingia chumbani kwake, akatoka na cha kwake, kikubwa kuliko changu, na kuku mkavu juu yake.

"Mlijua nitashindwa," akasema mume wangu.

"Nyamaza," akasema mama yake. "Kaa ule."

Tuliula ule unga mwezi mzima. Ulikuwa mkavu, mchungu kidogo, umetwangwa kwa haraka, na kila siku mchana mtu wa simu alikuwa anatoka kwenye kengele yake, anakuja kwa miguu yake mpaka Mkomaindo, anakaa, anaukuta palepale, analalamika.